Hodi Tatu

Spika zilikuja na mjomba Shebwana, baharia wa meli ya ngano,
zimeviringwa ndani ya blanketi la kampuni.
Inchi kumi. Koni za karatasi nyeusi;
ukizigusa kwa ncha ya kidole zinarudi nyuma kwa adabu.
"Hizi," akasema, "usizifunge kwenye takataka."

Amplifaya yangu ilikuwa takataka, sasa najua:
sanduku la kompyuta iliyokufa,
transfoma ya soko la Kongowea, bado inanuka vitunguu,
transista nne, mbili kati yake za bandia,
na swichi ya taa ya chooni.
Nikaiwasha.

NDU!

Kama mtu ameangusha gunia la mchele kutoka orofa ya pili.
Koni ziliruka mbele, zikasimama huko, zikarudi.
Mama aliweka ungo chini:
"Nani huyo aingiaye kwa watu bila hodi?"

Nilicheka. Lakini stima ya Kuze hukatika,
na kila iliporudi, mgeni yule aliingia. Ndu.
Siku ya tano spika ya kushoto ikanguruma,
ikanuka nywele zilizoungua, ikanyamaza.
Nikaipasua. Koili, waya mwembamba kama uzi wa kofia,
ilikuwa makaa.
Mjomba yuko baharini. Sikumwandikia.

Nikabaki na mita, na lile swali la mama.

Umeme unapoingia tu, amplifaya haijajijua:
upande mmoja umeamka,
mwingine bado unatafuta kandambili chini ya kitanda.
Katika pengo hilo volti thelathini
hukimbilia mlango wowote ulio wazi.

Basi mlango ufungwe.
Nilinunua rilei Mwembe Tayari, kwa Mwachiro,
auzaye matumbo ya redio kwa kilo kama viazi.
Rilei ikilala, spika nayo imelala ndani, haijui kitu.
Kapasita ni ndoo.
Rezista ni bomba letu siku ya mgao wa maji:
tone, tone, tone, mpaka ndoo ijae,
transista ione, ivute.

Hodi.
Hodi.
Hodi.
Tak.

Na sauti ikaingia imevua viatu.

(Diodi nilisahau. Rilei ikiachia, koili yake
hupiga teke kinyumenyume kama punda wa mkokoteni.
Transista ya kwanza ilikufa kwa teke hilo.
Shilingi ishirini, na usiku mzima.)

Mama alitufunza: hodi tatu, usipojibiwa, rudi.
Nikaongeza transista mbili za kuchungulia dirishani.
Zikiona umeme uliosimama tuli kama wa betri,
haupandi, haushuki,
mlango haufunguliwi, mgeni arudi na kheri yake.
Na ukizima, rilei huachia kwanza,
kabla kapasita kubwa hazijamwaga zilichobakiza.
Kuondoka nako kuna adabu.

Mama hajui kusoma mchoro. Alinipa beti,
nikaiandika kwa kalamu ya wino mzito
ndani ya kifuniko, pasipoonwa na mtu ila fundi:

Usiingie kwa pupa, ukaleta sokomoko,
Simama kidogo hapa, usikize moyo wako,
Koni haina mfupa, haibebi pigo lako,
Hodi tatu nimekupa, ya nne si haki yako.

Mjomba amerudi juzi, na ndevu zenye mvi.
Alikaa mkekani, kahawa mkononi. Nikawasha.
Kimya.
"Imekufa?"
Nikainua kidole.
Tak.

Alisikiliza mpaka mwisho, macho yamefumba.
Kisha akaelekeza kidevu upande wa kushoto.
"Hiyo si yangu."

Nikahesabu moja, mbili,
ndoo yangu bado haijajaa.